Nimechoka na Msukuma wa kwenye TV: komedi zetu zimetuzoesha kucheka lafudhi badala ya kisa

Kinyozi wa Mabatini (mwanzisha uzi)

Mwadila wakuu.

Nimechoka na yule Msukuma wa kwenye TV. Mnamjua wote. Anashuka stendi Dar es Salaam, redio kwapani, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni. Anavuta maneno, anashangaa maghorofa, anatapeliwa begi, kipindi kimeisha. Wiki inayofuata anarudi vilevile, hajajifunza kitu, na wala hatujaambiwa alifuata nini mjini. Waigizaji wamebadilika, chaneli zimebadilika, siku hizi amehamia YouTube, mtu ni yuleyule.

Naandika kama mpenzi wa komedi. Nina saluni ya kiume Mabatini, hapa Mwanza. TV iko ukutani juu ya kioo na inawaka tangu nafungua mpaka nafunga. Kazi hii ina kipimo chake cha kichekesho: mtu akicheka kwa kweli, kichwa kinaruka. Usipoinua mashine mapema, mteja anaondoka na alama. Kwa hiyo mkono wangu unajua saa ngapi TV inachekesha. Yule Msukuma wa stendi akitokea, mteja anatabasamu kidogo, shingo imetulia, naendelea kumchonga ndevu bila wasiwasi. Lakini atokee mtu anamdanganya mkewe, mke ameshajua, yeye hajui kama mke ameshajua, na anazidi kuongeza uongo juu ya uongo: hapo naweka mashine mezani kabisa, maana benchi zima limeinuka.

Hoja yangu ndiyo hiyo. Lafudhi inakupa tabasamu la kwanza, basi. Kinachokurudisha wiki ijayo ni kisa, na komedi zetu nyingi zimeishia kwenye lile tabasamu la kwanza.

Tuanze na wakubwa. Ze Comedy ilipokuwa EATV miaka ya 2000, na baadaye vijana walewale walipokwenda TBC1 kwa jina la Orijino Komedi, mtaa ulikuwa unatulia kipindi kikianza. Masanja Mkandamizaji, Joti, Mpoki, Wakuvanga, MacRegan, Vengu. Mimi kwa upande wangu sijaona kundi jingine lililotukusanya kama lile. Sasa angalieni majina. Masanja ni jina la huku kwetu, aliyelivaa ni Emmanuel Mgaya, ambaye si mtu wa huku. Mpoki ni jina la Kinyakyusa, aliyelivaa ni Mujuni Silvery, na Mujuni ni jina la Kihaya. Yaani tangu mwanzo kabila lilikuwa vazi tu, mtu analivaa na kulivua. Sikulalamika wakati ule na silalamiki sasa, kwa sababu ndani ya vazi kulikuwa na shabaha. Walikuwa wanawaiga wanasiasa, wanawaiga wanamuziki wenye majina, watu ambao mimi na wewe hatuwezi kuwasogelea. Mnyonge akimwiga mkubwa, kila mtu anajua anacheka nini. Waliokuja baadaye wakachukua vazi, shabaha wakaiacha.

Na Joti nimtaje peke yake. Joti akiwa mtoto anakuwa mtoto mpaka magotini. Akiwa bibi kizee, kabla hajafungua mdomo umeshajua bibi huyu ana kiburi na mgongo unamuuma. Hapo hakuna lafudhi inayobeba kazi, ni mwili na akili.

King Majuto, mzee wetu Amri Athumani aliyefariki Agosti 2018, alikuwa mtu wa Tanga na alizungumza Kitanga chake mwanzo mwisho. Mmewahi kusikia mtu anacheka Kitanga cha Majuto? Tulicheka ubahili wa mzee, hasira zake, uongo wake, na ile aibu ya kukamatwa mchana kweupe. Wazazi wetu nao walicheka Pwagu na Pwaguzi kwenye Radio Tanzania, hata sura za watu hawazioni.

Mizengwe ya ITV nimeiangalia kwa miaka na Hemed Maliyaga ana kipaji, hilo halina ubishi. Nasema tu kwamba Mkwere, jina lake la kwenye kipindi, lilimfungia mlango. Ukishaitwa kwa kabila lako, kila ufanyalo linahesabiwa kuwa ni ukabila wako, hata ukiwa mjanja kuliko wote kwenye kipindi.

Sasa Futuhi, ambayo ndiyo iliyonifanya nianzishe uzi huu. Kwa wasiojua, Star TV ina makao yake hapa Mwanza, na Futuhi ilikuwa komedi yake, kina Brother K na wenzake. Kwetu ilikuwa jambo kubwa kuona kipindi cha TV kinachozungumza kama sisi. Lakini kuna kitu kikubwa zaidi ambacho sijaona watu wakikisema. Pale Futuhi karibu kila mtu alizungumza kama mtu wa Kanda ya Ziwa. Msukuma yupo, Mjita yupo, Mhaya yupo, Mkurya yupo. Na kila mtu akivuta maneno, basi hakuna anayevuta maneno. Lafudhi ikakosa kazi. Mwandishi hawezi tena kumsimamisha mtu mlangoni aseme "mwadila" halafu asubiri watu wacheke, kwa sababu huku "mwadila" ni salamu. Ikabidi itafutwe sababu nyingine ya kucheka: deni, wivu, mganga wa uongo, mgeni asiyeondoka. Futuhi ilikuwa na siku zake mbaya, kuna vipindi vilivutwa mpaka vikachosha, picha wakati mwingine giza. Hata hivyo nikiziwasha zile klipu za zamani pale saluni, mashine inakaa mezani.

La mwisho. Kuna mzee mmoja huja kunyolewa akitokea upande wa Misungwi, Kiswahili chake ni cha kuombea maji. Nikiwasha komedi za Dar anaangalia nje. Siku niliyoweka Mr. Bean, kile kipindi ambacho yuko kwa kinyozi, kinyozi anaitwa kwenye simu, halafu Bean mwenyewe anashika mkasi na mama mmoja anamleta mwanawe anyolewe, yule mzee alicheka mpaka akashika kiti kwa mikono miwili. Mr. Bean ni vipindi 15 tu, vimetengenezwa Uingereza kati ya 1990 na 1995, na mtu mwenyewe karibu hazungumzi. Kama kichekesho kinavuka kutoka kule mpaka kwa mzee wa Misungwi bila neno moja, kwa nini kichekesho cha Dar kinashindwa kufika Mwanza kwa Kiswahili?

Nawasilisha. Mnaosema Msukuma wa stendi anachekesha, njooni na sababu.

Ng'osha wa Kisesa

Mkuu, nakuheshimu ila hapa umezidisha. Mimi Msukuma wa Kisesa, kwa baba na kwa mama, na yule jamaa wa stendi ananichekesha. Sisi ni watu wa utani. Wazaramo ni watani zetu tangu enzi za misafara, wakituita washamba tunawaambia mashamba ndiyo yanawalisha, maisha yanaendelea. Msibani mtani anakuja anachukua jembe la kaburi anasema marehemu alikuwa anamdai, na hakuna anayekasirika. Tukianza kukasirikia TV, kesho tutakasirikia na watani?

Mgeni wa Jiji

Naandika nikiwa Dar. Kwanza hongera kwa uzi ulioshiba. Pili, mbona kila kabila linaguswa? Mpare bahili, Mchaga pesa, Mhaya majivuno, Mmasai mlinzi wa geti. Na hata sisi wa Pwani tunaonyeshwa wavivu, tunacheza bao kutwa. Kwa nini malalamiko yatoke Kanda ya Ziwa tu?

Kinyozi wa Mabatini

Ng'osha, nimekuelewa vizuri sana na umenipa nafasi ya kusema nilichokisahau. Utani una watu wawili. Yule Mzaramo anakuita mshamba ukiwa umesimama mbele yake, na wewe unamrudishia palepale, watu wanacheka mara mbili. Mtani akizidisha unamtoza. Kwenye TV ananiita mshamba nikiwa nimeshika rimoti. Namjibu nani? Nikitaka kujibu inabidi niwe na kipindi changu, na ndiyo maana naililia Futuhi.

Mgeni wa Jiji, swali lako ni zuri. Angalia tofauti. Mpare bahili anataka kitu: anataka kubakiza pesa. Mhaya wa majivuno anataka aonekane msomi. Mchaga anataka faida. Ni picha za kuchosha, sizitetei, lakini mwandishi anaweza kuanza nazo, kwa sababu mtu anayetaka kitu anaweza kukikosa, na akikikosa kuna kisa. Mpeleke Mpare bahili akalipe mahari uone. Msukuma wa stendi hataki kitu chochote. Kazi yake ni kushangaa. Mtu wa kushangaa tu hana pa kwenda baada ya dakika tatu, ndiyo maana wanamuibia begi ili kipindi kipate kuisha.

Jakisumo

Habari zenu watu wa ng'ambo. Mimi niko Kisumu, ziwa ni letu sote kwa hivyo naingia.

Huku tuko na mfano mkubwa kuliko huo wenu. Mzee Ojwang' Hatari wa komedi ya Vitimbi kwa KBC. Kiswahili chake kilikuwa cha Mjaluo kabisa, na nchi nzima ilikuwa inamuiga shuleni, kazini, kwa matatu. Mwenye kuigiza alikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu. Alipofariki 2015, Wajaluo walilia kama wamefiwa na mzee wa boma. Hakuna mtu aliuliza kwa nini Mkikuyu ametuchezea lafudhi yetu. Nimefikiria sana kwa nini, na jibu naliona kwa hii hoja ya Kinyozi. Ojwang' alikuwa mzee mwenye nyumba yake. Alikuwa na mke, Mama Kayai, anayemjibu neno kwa neno. Alikuwa na heshima anaogopa kuipoteza. Lafudhi ilikuwa njia ya kumjua ni nani, halafu shida zake zikaendelea kama za mzee yeyote.

Halafu kuna Papa Shirandula wa Citizen, marehemu Charles Bukeko, aliyetuacha Julai 2020. Mlinzi, bawabu wa geti, lakini mkewe Wilbroda anadhani bwana ako na kazi kubwa ya ofisi. Hiyo peke yake inatosha. Kila asubuhi jamaa akitoka nyumbani tayari uko na kisa, kwa sababu lazima afiche yunifomu. Mtu wa Busia, wa Mombasa, wa Garissa, wote wanajua kuficha kazi. Kipindi kilienda miaka na miaka kwa huo uongo mmoja.

Kinyozi wa Mabatini

Jakisumo, karibu sana kaka, umenisaidia kuliko nilivyoandika mwenyewe. Yunifomu ya kufichwa ni kitu cha kushika mkononi. Naiona kabisa imekunjwa kwenye mfuko wa rambo. Msukuma wetu wa stendi mpe kitu kama hicho cha kuficha uone atakavyobadilika.

Dada wa Nansio

Wakuu nimewasoma wote kimya tangu juu na mmemsahau mtu mmoja: mwanamke.

Nimekulia Ukerewe, nyumba yetu ilikuwa na TV ya kwanza pale mtaani, na watoto wote walikuwa wanajaa sebuleni. Kwenye komedi zetu mwanamke ana kazi tatu. Apige kelele mlangoni na mwiko mkononi. Apite amevaa nguo ya kubana wanaume wageuke. Au awe mwanaume aliyevaa kanga. Hiyo ya tatu nampa Joti heshima yake, kwa sababu yule bibi anamtazama kwa makini kabla hajamwiga, unaona kabisa amewahi kulelewa na bibi. Wengine wanafunga kanga, wanabana sauti, wanaweka mipira kifuani, wanadhani wameshamaliza.

Jakisumo amemtaja Mama Kayai na Wilbroda. Hao ni wanawake wenye mipango yao. Wilbroda akidanganywa, tunacheka uongo wa mume, na huku tunaogopa siku atakayojua. Yeye ndiye anayekifanya kisa kiwe na uzito. Nendeni Mwaloni, soko la samaki pale Kirumba, saa za asubuhi mkamwone mama wa dagaa anavyopokea mzigo. Ana magunia yanayokwenda Kongo, ana deni la nauli ya lori, ana wakala anayemwambia mzigo umelowa ili ashushe bei, na yeye anachota dagaa kiganjani, anazisugua, anazinusa, anamrudishia bila kusema neno, na yule wakala mwenyewe anaongeza bei. Nimeliona hilo kwa macho yangu. Mwanamke huyo sijawahi kumwona kwenye komedi ya Tanzania hata dakika moja. Wanaoandika wanamjua mwanamke wa mlangoni tu.

Mgeni wa Jiji

Dada wa Nansio hapo umenifunga mdomo. Nakubali.

Fundi Kamera

Niwape upande wa pili, maana mimi nimeshika kamera kwenye komedi kadhaa za hapa jijini, sizitaji.

Watu wanadhani lafudhi inatumika kwa sababu waandishi hawana akili. Hapana. Inatumika kwa sababu ni rahisi na muda hakuna. Kipindi cha nusu saa kila wiki maana yake ni kurasa nyingi za kuandika kila wiki. Nilikofanya kazi mimi, mwandishi alikuwa ndiye mwigizaji, ndiye mtafuta gari, ndiye anayekwenda kuomba nyumba ya kurekodia kwa shangazi yake. Tunafika asubuhi, kisa kimeandikwa nyuma ya risiti: "Masunga anakuja mjini, anaibiwa." Basi. Waigizaji wanajaza wenyewe. Na mtu akiambiwa ajaze bila kujiandaa, anashika kilicho karibu, na kilicho karibu ni kuvuta maneno. Inafanya kazi papo hapo, wale wanaotazama tukirekodi wanacheka, tunaona tumemaliza.

Kisa cha mume anayeficha yunifomu kinataka mtu akae chini. Nani anajua nini, anakijua lini, nani aingie kabla ya nani. Lazima upige picha ya mke akiiona ile yunifomu, halafu picha ya mume asijue ameonekana. Hiyo ni kamera kuhama, taa kuhama, saa mbili zimekwenda kwa dakika moja ya kipindi. Matangazo yenye pesa yako Dar, wenye kuamua wako Dar, ukiwapelekea kipindi cha Mwanza wanauliza kwanza, "Kina nini cha huko?" Maana yake wanataka lafudhi. Yaani tunalipwa kujiigiza.

Na watazamaji nao walitawanyika. Mtambo wa analojia ulipozimwa hapa Mwanza mwaka 2013, kila nyumba ikatakiwa king'amuzi. Kisha Agosti 2018 chaneli za bure zikaondolewa kwenye ving'amuzi vya kulipia. Mtu aliyezoea kuona kila kitu kwenye king'amuzi kimoja akajikuta anahitaji cha pili ili aone komedi ya nyumbani. Wengi hawakununua. Wakahamia kwenye simu. Na kwenye simu komedi ni dakika tatu, na kwa dakika tatu kama alivyosema Kinyozi, Msukuma wa stendi anatosha kabisa. Ndiyo maana hafi.

Kinyozi wa Mabatini

Fundi, asante kwa kuufungua huo mlango. Nilikuwa nawalaumu waandishi peke yao. Ila nina neno moja kuhusu dakika tatu. Wachekeshaji wa jukwaani, wale wa Cheka Tu kwa mfano, wanapata dakika chache mbele ya watu na wengine wanaleta kisa kamili: jinsi alivyokwenda kuposa, jinsi baba yake alivyoficha kwamba ameachishwa kazi. Ufupi haumkatazi mtu kuwa na kisa. Huku kwenye klipu za simu watu wamejizuia wenyewe.

Jakisumo

Kweli. Na Churchill Show huku, kipindi cha wachekeshaji wa jukwaani, imelea watu wengi sana, lakini usiku ukiwa na wachekeshaji watano na wote wanaanza na "you know watu wa kabila fulani", unazima TV unalala.

Ng'osha wa Kisesa

Nimekaa na huu uzi tangu jana na nataka niongeze kitu kutoka hapa kwetu Kisesa, kwa sababu kinaipa nguvu hoja ya Kinyozi kuliko nilivyotaka mwanzo.

Kila mwaka mwezi wa sita Bujora kuna Bulabo, sikukuu yetu ya ngoma. Bagika na Bagalu wanashindana ngoma. Kwa ambao hamjawahi kufika: pande mbili zinacheza kwa wakati mmoja, uwanja ni mmoja, na watazamaji wako huru kutembea. Anayeshinda ni mwenye watu wengi upande wake. Kwa hiyo mcheza ngoma hana muda wa kubembelezwa. Akichosha, anaona migongo ya watu inakwenda kwa mwenzake. Ndiyo maana wana vituko vya kila aina, wengine wanaingia na nyoka hai, wengine na sanamu za kuchezesha, wengine jembe linarushwa hewani. Na miongoni mwao wamo watu wa kuchekesha, wazuri sana.

Sasa nikajiuliza, wale wanachekesha nini? Hawawezi kuchekesha kwa Kisukuma, kwa sababu uwanja mzima ni Wasukuma. Wanachekesha mwenye ng'ombe wengi anayejifanya maskini mkusanya ushuru akija. Wanachekesha mganga. Wanachekesha mke mdogo na mke mkubwa wanaogombea chungu. Babu zetu walikuwa na mashindano ya vipindi kabla ya TV, na mtazamaji alikuwa anabadili chaneli kwa miguu. Kinyozi, nimerudisha maneno yangu yale ya juu nusu. Utani nautetea bado. Msukuma wa stendi nimemwachia.

Fundi Kamera

Hiyo ya ngoma haijawahi kunijia akilini. Uwanja ambao mtu anaweza kuondoka wakati wowote ndio mazingira ya simu kabisa.

Sasa tuache kulalamika. Mtu anipe kisa cha huku ambacho kinaweza kwenda wiki baada ya wiki, kisichohitaji magari wala nyumba ya ghorofa. Nina kamera yangu na vijana wawili.

Dada wa Nansio

Mbalamwezi.

Naeleza kwa ambao hamko ziwani. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, kwa taa. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi taa za sola na betri. Mwezi ukiwa mkubwa taa haifanyi kazi, dagaa hawakusanyiki, mitumbwi inakaa juu ya mchanga. Kila mwezi kuna siku kadhaa wanaume wote wako nyumbani, hawana kazi, na pesa ya giza lililopita ndiyo inayoliwa. Siku hizo ndizo madeni yote yanadaiwa. Mwenye duka anajua uko nyumbani. Mke wa pili anajua uko nyumbani. Fundi wa injini anajua. Mwalimu mwenye kudai mchango anajua. Hakuna wa kusema "nipo majini, nikirudi."

Kila kipindi ni mbalamwezi moja. Kinaanza mwezi ukijaa, kinaisha giza likiingia na mitumbwi ikisukumwa majini, na aliyefanikiwa kukwepa deni mpaka usiku huo amepona. Unahitaji ufukwe, mtumbwi mmoja, duka, na nyumba mbili.

Fundi Kamera

Dada, nimesimama. Wahusika?

Dada wa Nansio

Tajiri mwenye mitumbwi, ambaye wavuvi wote wanadhani ana pesa nyingi, kumbe injini ni ya mkopo na mwenye mkopo hajui kuwa injini moja imezama. Hiyo ndiyo yunifomu yake ya kuficha, kama ya Shirandula. Mkewe ndiye mnunuzi mkubwa wa dagaa pale kambini, ana pesa kumzidi, naye anaficha kwamba anazo, maana akijulikana ataombwa zilipe injini. Kwa hiyo kuna mume anaficha umaskini na mke anaficha utajiri, ndani ya chumba kimoja, siku ambazo hakuna anayetoka. Halafu kijana mmoja mgeni, ametoka Dar kuja kutafuta maisha ya uvuvi.

Mgeni wa Jiji

Huyo wa Dar msimfanye mjinga basi!

Dada wa Nansio

Hapana kaka, hatutalipiza. Huyo ndiye anayegundua kila kitu kwa sababu anauliza maswali ambayo wenyeji wanaona aibu kuuliza. Na yeye ana lake: kamwambia mama yake kule Dar kwamba anafanya kazi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, ana ofisi na kitambulisho. Mama anataka kuja kumtembelea.

Jakisumo

Muongeze mnunuzi kutoka Kisumu anayekuja na boti kila giza likiisha. Nitawaandikia Kijaluo chake bure.

Kinyozi wa Mabatini

Mimi ombi langu ni moja kwenye hili. Tajiri awe Msukuma, azungumze anavyozungumza baba yangu, avute maneno yake yote, na kusiwe na mtu hata mmoja ndani ya kipindi anayemcheka kwa hilo. Wanaomdai wamwogope. Akizungumza na mkewe usiku kuhusu pesa wazungumze kwa lugha ya nyumbani, na maandishi ya Kiswahili yawekwe chini ya picha. Fundi, hilo la maandishi linawezekana kwa vifaa ulivyonavyo?

Fundi Kamera

Linawezekana, ni kazi ya kompyuta tu. Kigumu ni usiku wa mbalamwezi wenyewe, mwanga wa mwezi hautoshi kwa kamera yangu, itabidi tupige jioni jua linapozama na kulitia giza baadaye. Dada wa Nansio, andika mbalamwezi ya kwanza, kurasa kumi na tano, weka wazi nani anajua nini kuhusu injini. Usiandike utani wowote kwanza. Nitumie faragha.

Dada wa Nansio

Nimeanza. Mwenye duka amepata ujumbe kwamba tajiri ameonekana mnadani anauliza bei ya injini kuukuu.